Nepi ya kufua au ya kutupa? Namna ya kuchagua bila kuumiza mtoto, mfuko wala mazingira

Katika wiki zake za kwanza, mtoto mchanga anaweza kubadilishwa nepi mara 8 hadi 12 kwa siku. Akifikisha miezi sita hupungua hadi mara 5 au 6. Kila mara anapobadilishwa, nyumba inaamua mambo mawili: nini cha kumvalisha, na kile alichovuliwa kinakwenda wapi. Wazazi wengi hufikiria swali la kwanza tu. Hili la pili ndilo linaloamua kama kisima kitabaki salama, kama choo cha shimo kitajaa mapema, na kama kuku na mbwa watatapanya uchafu uani.

Wasikilizaji wetu wa vijijini wanaona matangazo ya nepi kwenye simu kila siku: nepi za mianzi, nepi asilia, nepi rafiki wa mazingira. Makala hii inaeleza nepi hizo zimetengenezwa na nini, zinagharimu kiasi gani zikilinganishwa na za kitambaa, na namna ya kuzitumia mahali ambapo gari la taka halifiki.

Jibu kwa ufupi

Kwa nyumba nyingi za kijijini zenye maji ya kutosha na jua, nepi ya kitambaa inayofuliwa ndiyo nafuu na ndiyo inayoacha taka kidogo zaidi. Lakini ni hivyo kwa masharti matatu: kinyesi kimwagwe chooni, nepi ifuliwe kwa sabuni, na ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Pale ambapo maji ni ya shida, au wakati wa safari na usiku, nepi ya kutupa inaweza kutumika kwa kiasi, mradi isiishie kichakani, mtoni wala ndani ya choo.

Ndani ya nepi ya kutupa kuna nini?

Nepi za kutupa, ambazo wengi wetu tunaziita pampasi, zilipata jina hilo kutokana na Pampers, nepi zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Procter & Gamble nchini Marekani mwaka 1961. Leo zinauzwa mpaka kwenye maduka ya vijijini, paketi nzima au moja moja.

Ukiichana utakuta tabaka kadhaa. Tabaka la nje ni plastiki nyembamba inayozuia mkojo usipite. Tabaka linalogusa ngozi linaonekana kama kitambaa laini, lakini kwa kawaida nalo ni nyuzi za plastiki. Katikati kuna pamba laini inayotokana na massa ya miti, iliyochanganywa na chembechembe nyeupe mfano wa chumvi. Chembechembe hizo hunywa maji mara nyingi kuliko uzito wake na kugeuka kama uji mzito. Ndizo zinazofanya mtoto aonekane mkavu usiku kucha.

Massa ya miti huoza. Plastiki haiozi kwa namna tunayoijua ya majani au maganda ya ndizi. Hukatikakatika vipande vidogo na kubaki udongoni. Huenda umesikia kwamba nepi moja huchukua miaka 500 kuoza. Hayo ni makadirio tu, kwa sababu nepi hizi hazijafikisha hata miaka 100 tangu zianze kutengenezwa. La uhakika ni kwamba nepi unayoitupa leo itakuwepo wakati mtoto aliyeivaa atakapokuwa mzazi.

Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Makatazo hayo yalilenga mifuko ya kubebea bidhaa. Nepi hazikuguswa, kwa hiyo uamuzi wa namna ya kuzitumia na kuzitupa umebaki mikononi mwa kila familia.

Kinyesi cha mtoto si kisafi

Kuna imani ya zamani kwamba kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara kwa sababu hajaanza kula chakula cha watu wazima. Wataalamu wa afya wanaonya kwamba si kweli. Watoto wadogo hushambuliwa mara nyingi na vijidudu vya kuhara, na kinyesi chao kinaweza kubeba vijidudu vingi kuliko cha mtu mzima. Vijidudu hivyo vikifika kwenye maji, kwenye mikono ya anayepika, au kwenye udongo ambao mtoto mwingine anautambaa, nyumba nzima inaweza kuugua.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza haitegemei aina ya nepi. Iwe ya kitambaa au ya kutupa, kinyesi kiende chooni kwanza, kisha anayembadilisha mtoto anawe mikono kwa sabuni. Nepi ya kitambaa inayosuuzwa mtoni ikiwa bado na kinyesi si rafiki wa mazingira hata kidogo. Wanaochota maji upande wa chini wanakunywa uchafu huo.

Aina za nepi za kufua

Nepi ya mraba ya kukunja. Ndiyo ya zamani na ndiyo rahisi kuliko zote. Ni kipande cha taulo, flaneli au pamba chenye upana wa takriban sentimita 60 kila upande, kinachokunjwa pembetatu na kufungwa kwa pini. Kwa sababu ikikunjuliwa inakuwa na tabaka moja tu, inafulika vizuri na kukauka haraka. Hili ni jambo kubwa wakati wa masika.

Nepi iliyoshonwa tabaka. Imekunjwa na kushonwa na fundi, katikati nene, pembeni nyembamba. Ni rahisi kuivalisha lakini huchelewa kukauka.

Nepi ya kisasa yenye vifungo. Ina ganda la nje lisilopitisha maji, vifungo vya kubana vinavyorekebishwa mtoto anavyokua, na kitambaa cha ndani kinachochomolewa. Bei yake ni kubwa kwa kila moja, lakini hiyo hiyo inaweza kuvaliwa tangu mtoto ana kilo nne au tano mpaka aache nepi. Ukinunua, angalia kitambaa cha ndani. Kile cha nyuzi za plastiki hunywa mkojo haraka lakini hukausha ngozi kikiigusa moja kwa moja, kwa hiyo kiwe ndani ya mfuko wa nepi au kifunikwe kwa kipande cha pamba.

Za kienyeji za nyumbani. Kanga zilizochakaa, fulana za pamba, shuka za flaneli na taulo za mitumba hufaa sana. Kitambaa cha zamani kimeshalainika na hunywa maji vizuri kuliko kipya. Cha mitumba kichemshe na ukifue kwa sabuni kabla ya kukikata. Epuka nguo za nailoni na poliesta. Hazinywi mkojo, zinauacha utiririke mapajani.

Njia rahisi ya kupima kitambaa ni kudondoshea tone la maji. Likizama papo hapo, kinafaa. Likibaki juu kama shanga, kiache.

Juu ya nepi ya kitambaa wengi huvalisha chupi ya plastiki ili nguo zisilowe. Inafaa kwa safari au kanisani na msikitini, lakini nyumbani mchana mwache mtoto bila hiyo. Plastiki huzuia hewa, na ngozi isiyopata hewa huwa nyekundu haraka.

Ngapi zinatosha?

Kama unafua kila siku, nepi 20 hadi 24 za mraba zinamtosha mtoto mchanga: nyingine amevaa, nyingine kambani, nyingine kwenye ndoo. Wakati wa mvua ongeza sita au nane, kwa sababu za jana zinaweza kuwa hazijakauka. Chupi za plastiki tatu au nne zinatosha. Si lazima kununua zote siku moja. Familia nyingi zinaweza kukusanya nepi mbili tatu kila mwezi wakati wa ujauzito, na kuwaambia ndugu wanaotaka kuleta zawadi kwamba flaneli itafaa kuliko viatu vya mtoto ambaye hajaanza kutembea.

Hesabu ya fedha

Huu ni mfano wa shilingi za Tanzania. Weka bei za soko lako, hesabu inabaki ile ile.

Za kutupa: Tuseme moja ni shilingi 500, na mtoto anatumia 5 kwa siku. Hiyo ni shilingi 2,500 kwa siku, 75,000 kwa mwezi wa siku 30, na 912,500 kwa mwaka.

Za kufua: Tuseme nepi 24 kwa shilingi 2,500 kila moja ni 60,000. Chupi za plastiki 4 kwa shilingi 3,000 ni 12,000. Sabuni shilingi 6,000 kwa mwezi ni 72,000 kwa mwaka. Kama mnanunua maji, madumu 3 kwa siku kwa shilingi 100 kila moja ni 109,500 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 253,500.

Tofauti ni shilingi 659,000 kwa mwaka mmoja. Mtoto wa pili akirithi nepi zile zile, gharama yake inabaki sabuni na maji tu.

Mchanganyiko: Ukitumia ya kutupa moja tu usiku, unaongeza shilingi 15,000 kwa mwezi. Nyumba nyingi zinaona huu ndio mpango unaowezekana.

Maji na muda wa mama

Hesabu hiyo ina kitu ambacho haikukionyesha: kazi. Nepi za kitambaa zinahitaji maji, mikono na muda, na mara nyingi vyote vitatu vinatoka kwa mama ambaye bado hajapata nguvu baada ya kujifungua. Ikiwa maji yanachotwa umbali wa saa nzima, kumwambia mama aache pampasi bila kumsaidia ni kumwongezea mzigo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, kaeni nyumbani mjiulize: nani atachota madumu mawili matatu ya ziada kila siku? Nani atafua katika siku 40 za mwanzo? Baba anaweza kufua nepi. Hakuna mwiko wa afya unaomzuia. Punda au baiskeli ya kubebea maji, au tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati, vinaweza kuamua suala hili kuliko tangazo lolote la nepi. Na kama maji ni machache kweli kweli, yatangulie ya kunywa, ya kupika na ya kunawa mikono. Hapo nepi chache za kutupa zilizofukiwa vizuri ni bora kuliko za kitambaa zilizofuliwa nusu nusu.

Namna ya kufua

1. Kung'uta au kwangua kinyesi kwenye choo. Kipande cha kitambaa chepesi cha kanga kikitandikwa juu ya nepi kinarahisisha kazi hii, kwani ndicho kinachochafuka zaidi.

2. Nepi zenye mkojo na zenye kinyesi ziwe kwenye ndoo mbili tofauti zenye mifuniko. Ndoo iliyojaa maji isiachwe wazi: mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye maji kidogo.

3. Suuza kwanza kwa maji matupu. Maji haya ya kwanza yamwage chooni. Yasimwagwe mtoni, karibu na kisima, wala kwenye tuta la mchicha.

4. Fua kwa sabuni ya mche au ya unga, sugua, kamua. Sabuni isizidi. Inayobaki kwenye kitambaa huwasha ngozi.

5. Suuza mara mbili, au mpaka maji yasitoe povu. Maji ya suuzo la mwisho yakiwa masafi yaweke yatumike kusuuzia nepi za kesho mara ya kwanza. Kwa njia hii unaokoa dumu zima.

6. Usitumie manukato ya kulainishia nguo. Huzuia kitambaa kunywa mkojo. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haihitajiki kila siku.

7. Chemsha nepi pale mtoto anapoharisha au ana fangasi. Kuchemsha kila siku kunamaliza kuni bila sababu.

Jambo hili la nishati lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2008 watafiti nchini Uingereza walilinganisha aina mbili za nepi kwa mtoto mmoja kwa miaka miwili na nusu. Walipata kwamba za kutupa zilichangia takriban kilo 550 za gesi zinazopasha dunia joto, na za kufua kilo 570, karibu sawasawa. Sababu ni kwamba wazazi wa huko walitumia umeme mwingi kuchemsha maji na kukausha kwa mashine. Lakini walioanika nje kambani, wakajaza mashine vizuri na kumrithisha mtoto wa pili, walipunguza kiasi hicho kwa asilimia 40 hivi. Waliokausha zote kwa mashine walikiongeza kwa zaidi ya asilimia 40. Wanakijiji wa kwetu wanaofua kwa mikono na kuanika juani wako upande ule mzuri tayari, ilimradi wasichemshe kila ndoo kwa kuni.

Jua, pasi na vidonge vya kabatini

Anika nepi kwenye kamba juani, si kwenye nyasi, uani chini wala juu ya ukuta wa udongo. Jua hukausha, huua vijidudu vingi na kung'arisha madoa bila kutumia dawa.

Kuna sababu nyingine. Katika sehemu nyingi za Afrika yuko nzi mwenye rangi ya manjano kahawia ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini na kwenye udongo. Mayai yakiangua, buu mdogo hupenya ngozi ya mtu na kufanya uvimbe kama jipu lenye tundu katikati. Watoto hupatwa makalioni na mgongoni. Ikiwa nepi ilikaukia kivulini au ilianguliwa chini na upepo, ipigwe pasi yenye moto pande zote, hasa kwenye mishono. Joto la pasi huua mayai. Ukiona uvimbe wa namna hiyo kwa mtoto usiukamue kwa nguvu, mpeleke zahanati.

La mwisho kwenye kuhifadhi: usiweke kabisa vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, vile vya naftalini, kwenye sanduku la nguo za mtoto. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Hali hiyo hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria, Afrika Mashariki ikiwemo, na mzazi hawezi kuiona kwa macho. Kwa mtoto kama huyo, naftalini iliyoingia kwenye nguo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumletea upungufu wa damu na manjano makali yanayoweza kudhuru ubongo. Nepi zilizorithiwa kutoka kwenye sanduku lenye vidonge hivyo zisivalishwe mtoto mchanga.

Paketi zilizoandikwa "asilia"

Maneno kama asilia, ya mianzi au inaoza yana maana ndogo mpaka ujue nepi itatupwa wapi. Mambo matatu ya kuangalia:

Kwanza, sehemu ipi ndiyo ya asili? Mara nyingi ni kitambaa cha juu tu, huku ganda, mipira ya kiunoni na chembechembe za ndani zikiwa zile zile za nepi nyingine.

Pili, itaoza wapi? Plastiki nyingi zinazosemwa kuwa zinaoza zinahitaji joto kali na hewa ya kutosha, kama inavyopatikana kwenye mitambo maalumu ya mboji. Ndani ya shimo la taka lililobanana, au kwenye choo cha shimo, hali hiyo haipo.

Tatu, mianzi ni nini hasa? Kitambaa kingi cha mianzi ni nyuzi zilizotengenezwa kwa kuyeyusha mti huo kwa kemikali. Ni laini na hunywa maji vizuri, lakini si sawa na pamba iliyovunwa shambani.

Haina maana kwamba nepi hizi ni mbaya. Nyingine zimetumia plastiki kidogo na massa ya miti yasiyong'arishwa kwa klorini. Lakini ukiilipia bei mara mbili kisha ukaitupa kichakani, mazingira hayakupata faida uliyoilipia.

Ukitumia za kutupa

Mwaga kinyesi chooni kwanza. Kisha ikunje nepi kwa ndani, ibane kwa gundi zake, na iweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na mbwa.

Kama mtaa wenu una gari la taka, ipelekwe huko. Kama hakuna, chimba shimo la taka kwenye ardhi isiyotuamisha maji, angalau mita 30 kutoka kisimani au mtoni, na ufukie kwa udongo kila unapoweka. Fito au miiba juu yake itazuia wanyama. Ng'ombe na mbuzi wakila plastiki huziba tumbo, na mfugaji hupoteza mnyama bila kujua chanzo.

Usitumbukize kwenye choo cha shimo. Haiozi, inavimba, na choo ambacho kingedumu miaka mingi kinajaa kabla ya wakati. Siku ya kukinyonya, nepi huziba bomba la gari. Kwenye choo cha kuvuta maji huziba mapema zaidi.

Usiichome ikiwa mbichi. Haiungui yote, na moshi wa plastiki unaumiza mapafu, ya mtoto kwanza. Katika sehemu mbalimbali za Afrika wapo pia wasiochoma nepi kwa kuamini kwamba mtoto ataungua au atadhurika. Imani hiyo haina msingi wa kitabibu, lakini jibu lake lisiwe kuzitupa mtoni. Shimo lililofukiwa linamtosheleza anayeamini na asiyeamini.

Usianike pampasi iliyolowa ili itumike tena, wala usimwache mtoto nayo kutwa nzima ili idumu. Mkojo uliokaa hubadilika na kuchoma ngozi.

Nepi chache zaidi: mafunzo ya akina mama wa Kidigo

Nepi isiyoacha taka kabisa ni ile ambayo haikuhitajika. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo, jamii inayoishi Kwale nchini Kenya na Tanga nchini Tanzania. Waliandika kwamba akina mama wa Kidigo huanza kumzoesha mtoto haja katika wiki za kwanza tu. Mama huketi chini amenyoosha miguu, humpakata mtoto katikati akitazama mbele, na kutoa sauti ya kumhimiza akojoe. Akikojoa, anabembelezwa na kufurahiwa. Kwa mujibu wa utafiti huo, watoto wengi walikaa wakavu mchana na usiku wakiwa na miezi mitano au sita.

Bibi zetu katika jamii nyingine wanalijua hili pia: kumshikilia mtoto anapoamka, baada ya kunyonya, na kabla ya kumbeba mgongoni. Hata akikubali mara mbili au tatu kwa siku, hizo ni nepi mbili au tatu ambazo hazikufuliwa wala kununuliwa. Sharti ni moja: asichapwe wala kukemewa akijikojolea. Mtoto mwoga huzuia haja.

Ngozi na mwili wa mtoto

Nepi yoyote, ya bei yoyote, inaumiza ikikaa muda mrefu. Badilisha kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na papo hapo mtoto anapopata choo. Osha kwa maji safi, kausha kwa kupapasa, kisha mwache dakika kadhaa bila nepi. Mafuta ya mgando yaliyopakwa kidogo hukinga ngozi. Poda na unga wa aina yoyote usinyunyize. Vumbi lake huingia mapafuni.

Kwa mtoto ambaye kitovu hakijadondoka, kunja nepi ipite chini ya kitovu ili kibaki kikavu. Usimkaze mapaja pamoja. Miguu ikunjike na kutanuka kama ya chura, kwani hivyo ndivyo nyonga inavyokaa vizuri. Kumbeba mgongoni kwa kanga huku miguu imekumbatia kiuno cha mama kunasaidia jambo hilo hilo.

Mpeleke zahanati ukiona wekundu usiopungua kwa siku tatu, vipele vyekundu kwenye mikunjo ya mapaja, malengelenge, usaha, vidonda vinavyotoa damu, au homa. Usipake dawa ya kuazima kwa jirani.

Pa kuanzia

Kwa anayetarajia mtoto miezi miwili ijayo: tafuta shuka moja ya flaneli na taulo mbili za mitumba, zikate vipande vya sentimita 60, mpe fundi apige pindo. Nunua pini zenye kofia ya usalama na ndoo mbili zenye mifuniko. Funga kamba mahali panapopata jua tangu asubuhi. Chimba shimo la taka hata kama unatarajia kutumia pampasi chache. Kisha kaa na mwenzako, na mama au wifi atakayekuja kukuuguza, mpange nani atachota maji na nani atafua.

Kwa ambaye tayari anatumia za kutupa mchana na usiku: anza kwa kubadili saa za mchana tu, mtoto akiwa nyumbani. Fanya hivyo wiki moja, kisha hesabu pampasi zilizobaki kwenye paketi na madumu ya maji yaliyotumika. Kwa tarakimu hizo za nyumbani kwako utajua kama uongeze nepi za kitambaa au ubaki hapo hapo.